Mzani Hauoni Nuru

Mpui ni kata ya Wilaya ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, kando ya barabara itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga mjini. Watu wake hulima mahindi, maharage na ulezi, na baada ya mavuno wanunuzi huja na magari na mizani. Lakini mnunuzi ajuaye kazi yake haanzi na mzani. Hutia mkono ndani ya gunia mpaka kiwiko akatoa punje za chini, maana za juu huenda zimewekwa ili zipendeze. Huzitazama juani, kisha hutia moja mdomoni akaiuma. Ikivunjika kwa mlio, mahindi yamekauka. Ikibonyea, yana maji, na maji yana uzito usioliwa. Baada ya hayo ndipo mzani huitwa. Mkulima naye hamwonei ajabu, kwa kuwa yeye mwenyewe anaijua punje kavu na punje mbichi. Wawili hao wana elimu moja na maneno mamoja, na kwa sababu hiyo wanaweza kubishana bei pasipo mmoja kuwa mtumwa wa mwenzake.

Mtu huyo huyo wa Mpui, mwanawe akitaka kuoa, akasafiri mpaka Dar es Salaam kununua pete ya almasi, huiacha elimu yake yote mlangoni pa sonara. Huuliza swali moja tu: karati ngapi? Akijibiwa, hutoa fedha. Kosa si lake peke yake. Gazeti likitangaza almasi kubwa iliyopatikana Mwadui, hutaja uzito wake na hukoma hapo. Msomi akizungumza habari za utajiri wa madini, huhesabu karati zilizotoka na fedha zilizoingia, kama kwamba almasi ni saruji. Desturi hiyo ni ya ujinga, na ujinga wenyewe ni wa gharama kubwa. Karati ni sehemu ya tano ya gramu. Ni kipimo cha uzito na hakizidi hapo. Almasi ni chombo cha nuru, na chombo hupimwa kwa kazi yake. Taifa lisilojua kuhukumu mkato wa almasi haliwezi kuithamini hata almasi ambayo haijakatwa.

Yafaa kwanza ijulikane almasi hufanya nini. Haina nuru yake yenyewe. Gizani ni jiwe kama mawe mengine. Kazi yake ni kuipokea nuru itokayo juu, kuigeuza ndani, na kuirudisha kwenye jicho la mtazamaji. Nuru iingiapo katika almasi hupunguza mwendo hata ukawa chini ya nusu ya ule wa hewani, na kwa ajili hiyo hupinda sana. Ikisha kuingia, haitoki ovyo. Mwale ukiufikia uso wa jiwe kutoka ndani, ukawa umeinama kupita kiasi cha digrii 24 na nusu kutoka katika mstari uliosimama wima juu ya uso huo, hauna ruhusa ya kutoka. Hurudi ndani mzima. Sheria hiyo ndiyo siri yote ya mkataji. Akizipanga nyuso za chini kwa pembe ifaayo, nuru hugonga upande mmoja, ikavuka, ikagonga upande wa pili, kisha ikapanda na kutokea juu. Akikosea kwa digrii chache, nuru huvuja chini kama maji katika mtungi wenye ufa.

Almasi ya duara ya mtindo wa sasa ina nyuso 57, au 58 kama ncha ya chini nayo imesuguliwa. Uso mpana wa juu ni meza. Nyuso zinazouzunguka ni taji. Ukingo mwembamba wa katikati ni kiuno. Sehemu ya chini inayochongoka ni kitako. Wako wasemao kwamba mambo kama haya hayasemeki kwa Kiswahili. Wasome tena sentensi iliyotangulia. Hapana neno lililohitaji kuazimwa leo; yaliyo ya mkopo, kama meza na taji, yalikopwa zamani na deni lake limekwisha.

Hukumu ya nuru nayo ina maneno yake. Mng'aro ni wingi wa nuru nyeupe irudiyo juu. Moto ni nuru hiyo ikisha kupasuliwa kuwa rangi za upinde wa mvua, nyekundu hapa na buluu pale. Mmeto ni kuwaka na kuzimika kwa nyuso wakati jiwe au mtazamaji anapojongea. Na kuna jambo la nne ambalo wanunuzi wengi hawalitaki mpaka waelezwe, nalo ni weusi. Almasi njema ina vipande vya giza vilivyotawanyika kwa mpango katikati ya vipande vya nuru, na giza hilo ndilo linaloufanya mmeto uonekane. Jiwe lililo jeupe tupu, lisilo na giza hata kidogo, hupooza. Anayetafuta weupe mtupu anatafuta kioo.

Kwa maneno hayo makosa ya mkato huonekana waziwazi. Kitako kikiwa kifupi mno, nuru hupenya chini, na ndani ya meza hutokea pete ya kijivu ambayo wafanyabiashara wa vito huifananisha na jicho la samaki. Kitako kikiwa kirefu mno, katikati hutokea doa jeusi lisiloondoka kwa kuligeuza jiwe, wakaliita kichwa cha msumari. Kiuno kikiwa kinene, uzito umefichwa mahali ambapo hakuna anayeuona. Almasi ya duara ya karati moja iliyokatwa vizuri ina upana wa milimita 6.5 hivi. Jiwe la karati moja lenye kitako kirefu na kiuno kinene huwa na upana uliopungua hapo. Mnunuzi amelipa karati nzima, na jicho lake linapokea jiwe dogo lenye nuru pungufu. Hayo ni mahindi yenye maji, na mnunuzi wa Mpui angeyakataa kwa jino moja.

Watetezi wa mzani wana hoja tatu. Hoja ya kwanza ni kwamba uzito ndio haki ya mwenye jiwe: mkataji anayepunguza karati anaharibu mali. Historia imekwisha kuijibu hoja hiyo. Almasi iitwayo Koh-i-Noor, ambayo Waingereza waliichukua Punjab katika mwaka wa 1849, iliwekwa katika Maonyesho Makuu ya London mwaka wa 1851. Watu walikuja kwa wingi kuitazama wakaondoka na masikitiko, kwa kuwa jiwe lenye sifa kubwa namna ile halikuwaka. Mwaka uliofuata lilikatwa upya likapoteza zaidi ya sehemu mbili kwa tano za uzito wake. Mtu anaweza kusema, wala si bila haki, kwamba mabwana wa India waliolipenda jiwe lile katika umbo lake la zamani walikuwa na jicho lao na hukumu yao. Lakini hata wao hawakulipenda kwa mizani tu. Walilipenda kwa jinsi walivyoliona. Hapana mahali duniani palipokuwa na ustadi wa vito ambapo mzani uliachiwa kusema peke yake. Baadaye katika karne hiyo hiyo Henry Morse wa Boston alijulikana kwa kukata almasi kwa ajili ya uzuri, akakubali hasara ya uzito ambayo wengine waliiogopa. Na katika mwaka wa 1919 Marcel Tolkowsky, wa ukoo wa wakataji almasi wa Antwerp, alichapisha London kitabu kidogo alichohesabia njia ya nuru ndani ya jiwe la duara: kitako digrii 40.75, taji digrii 34.5, meza asilimia 53 ya upana wa jiwe. Tangu hapo asemaye kwamba mkataji ni mharibifu wa mali anasema neno lililokufa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Hoja ya pili ni ya watu werevu zaidi. Hao husema: mzani kweli hautoshi, lakini kuna cheti. Maabara za vito huandika daraja la mkato juu ya karatasi, basi msomaji wa karatasi hana haja ya kutazama. Ni kweli kwamba maabara kubwa ya Marekani, GIA, tangu mwaka wa 2006 hutoa madaraja matano ya mkato kwa almasi ya duara, kutoka bora kabisa hadi hafifu. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini ujumbe wa kazi ile haukusikilizwa na wengi wanaoutumia. Uchunguzi uliotangulia madaraja hayo ulionyesha kwamba uzuri hauna fungu moja la tarakimu. Taji na kitako husaidiana, na michanganyiko mingi tofauti huweza kufika mahali pamoja pa uzuri. Tolkowsky alitoa hesabu, wafuasi wakaifanya amri. Cheti hueleza jiwe lilivyopimwa, lakini ndani ya daraja moja hukaa mawe yasiyolingana, moja likiwaka na jingine likisinzia. Asomaye cheti asilitazame jiwe ni kama mwalimu atoaye alama za insha kwa kuhesabu kurasa.

Tena duka la sonara limejaa taa ndogo kali zilizoning'inizwa juu. Taa hizo hutoa moto katika jiwe lolote, hata lililokatwa vibaya, na mnunuzi huona rangi zikiruka akadhani ameona ubora. Dawa yake haihitaji chombo cha thamani. Jiwe litolewe chini ya taa hizo, lipelekwe mlangoni, au kivulini chini ya mti, mahali penye nuru ya anga isiyo na jua la moja kwa moja. Hapo utazamwe mng'aro: je, umeenea mpaka ukingoni, au katikati pamekufa? Kisha jiwe lipelekwe chumbani kwenye taa moja iliyo mbali, utazamwe moto. Kisha ligeuzwe polepole, utazamwe mmeto: je, vipande vya giza na nuru vinabadilishana kwa mpango, au kuna doa lisilohama? Jua kali la saa sita nalo litumiwe kwa hadhari, maana almasi njema juani huonekana nyeusi nyeusi yenye cheche chache za rangi, na asiyejua huidhania mbovu. Methali yasema mwenye macho haambiwi tazama. Katika habari ya almasi methali hiyo inadanganya: mwenye macho lazima aambiwe atazame nini, wapi, na kwa nuru ipi.

Hoja ya tatu ndiyo inayodhuru zaidi, kwa kuwa huvaa nguo za uzalendo. Husema: Tanzania huchimba almasi na kuziuza ghafi, mkato ni shauri la Antwerp, la Surat, la Dubai. Mwalimu wa Kiswahili au mkulima wa Mpui ana haja gani na pembe za kitako? Jibu ni kwamba bei ya almasi ghafi si kitu kingine ila ni utabiri wa mkato. Mnunuzi wa ghafi huligeuza jiwe mkononi akauliza: ndani ya umbo hili mna jiwe gani lililokatwa, la upana gani, lenye kasoro gani, na hasara ya uzito kiasi gani? Jibu la maswali hayo ndilo bei. Asiyejua mkato hawezi kuyajibu, basi atakubali jibu la mwenzake, na mwenzake ni mnunuzi.

Ushahidi haupo mbali. Katika mwezi wa Oktoba 1947 Mwadui ilitoa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. John Williamson, mwenye machimbo, alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya arusi. Jiwe lilikatwa London likawa na karati 23.6, na katika mwaka wa 1953 likawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Zaidi ya nusu ya uzito ilikwenda vumbi, na dunia inalikumbuka lile lililobaki. Jiwe jingine la waridi la Mwadui, lenye karati 32.32, liliuzwa ghafi katika mwaka wa 2021 kwa dola milioni 13.8. Likakatwa likawa karati 11.15, na mwezi wa Oktoba 2022 likauzwa mnadani Hong Kong kwa dola milioni 57.7. Theluthi mbili za uzito zilitoweka, na bei ikazidi mara nne. Kweli, katika mawe ya rangi ni rangi inayobeba sehemu kubwa ya bei. Lakini rangi hiyo haikujitokeza yenyewe. Aliyeikusanya ikaonekana juu ni mkataji, kwa kuchagua umbo na pembe. Methali isemayo kizuri chajiuza haikutungwa na mtu aliyeuza almasi ghafi.

Kuna ushahidi mwingine mchungu zaidi. Katika mwaka wa 2017 shehena moja ya almasi za Mwadui, yenye karati zaidi ya 71,000, ilizuiwa katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Karatasi zilitaja thamani ya dola milioni 14.8 hivi, wathamini walioteuliwa na Serikali wakataja dola milioni 29.5. Shauri hilo lilidumu miaka kadhaa kabla ya pande mbili kupatana. Insha hii haitoi hukumu juu ya nani alisema kweli. Inauliza jambo jingine: katika nchi iliyochimba almasi kwa miaka mingi, ni raia wangapi walioweza kuifuata hoja ile? Mzani haukuwa na ugomvi. Karati zilikuwa zile zile kwa pande zote mbili. Ugomvi wote ulikuwa katika lile ambalo mzani haulioni. Wananchi walishangilia au wakalalamika, lakini hawakuweza kubisha, kwa kuwa hawakuwa na maneno ya kubishia. Sheria za mwaka huo huo zilitamka kwamba rasilimali ghafi zisipelekwe nje kwenda kusanifiwa. Sheria ni njema. Lakini sheria haina jicho. Kiwanda kikijengwa na mkato usijulikane, jiwe litaharibikiwa nyumbani badala ya kuharibikiwa ugenini.

Msafiri wa Mpui aendaye Dar es Salaam hupita Tunduma, akapita Mbeya, akafika Iringa. Mji huo ulikuwa na kiwanda cha kukata almasi, na kiwanda kilikuwa na bendi ya muziki, Tancut Almasi Orchestra, iliyovuma sana katika miaka ya 1980. Nyimbo zake zingali zinapigwa redioni na wazee wangali wanazicheza. Ni vema. Lakini muulizwe msafiri, au muulizwe mwanafunzi wa Chuo Kikuu, almasi zilikatwaje Iringa, kwa pembe gani, na mafundi waliitaje kazi mbovu na kazi njema: hana jibu. Taifa lilihifadhi ngoma likapoteza ufundi, na wasomi wa lugha, ambao kazi yao ni kukusanya maneno kabla wenyewe hawajafa, hawakwenda kuyauliza.

Mtu asiseme kwamba jambo hili ni la Mwadui na Iringa tu, na kwamba Ufipa haimo. Sumbawanga ina zumaridi, nazo zinajulikana kwa wafanyabiashara wa vito tangu mwisho wa miaka ya 1980. Zumaridi nayo ni chombo cha nuru, ila sheria yake ni nyingine. Haiipindi nuru kwa nguvu kama almasi. Mwale hauzuiliwi ndani mpaka umeinama digrii 39 hivi. Kwa hiyo kitako kiifaacho almasi hakiifai zumaridi. Mkataji akikifanya kifupi mno ili apate upana, katikati hutokea dirisha: mtazamaji huona moja kwa moja mpaka upande wa pili, na jiwe likiwekwa juu ya maandishi, herufi husomeka. Mchimbaji anayelijua dirisha hilo anaweza kulikataa. Asiyelijua huambiwa kwamba jiwe lake ni la maji maji, akashusha bei kwa aibu, na kosa lilikuwa la mkono wa mkataji.

Wala Ufipa haikuwa nchi ya kuuza udongo. Wahunzi wa Kifipa walijenga matanuru marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe pasipo mivuo, wakachoma humo mawe ya chuma. Kilichotoka hakikuitwa tayari. Kilichomwa mara ya pili katika tanuru dogo kisafishwe, ndipo kikaenda kwa mfua majembe. Kila hatua ilikuwa na hukumu yake, na hukumu ilikuwa na maneno yake. Mhunzi hakuuliza mawe yana uzito gani. Aliuliza yatatoa chuma gani. Matanuru hayo yalipoa katika karne ya 20, chuma cha kigeni kilipojaa masokoni, na elimu yake leo hutafutwa kwa majembe ya wachimbuzi wa mambo ya kale. Elimu isiyosemwa hufa kabla ya chombo chake kuoza.

Basi lawama haimwangukii mkulima anayeuliza karati ngapi. Yeye aliuliza swali alilofundishwa. Lawama huwaangukia waliokaa na kamusi mezani wasiandike humo kiuno cha almasi, wala kitako chake, wala moto wake, wakaridhika kwamba vito ni elimu ya Kiingereza. Arusha kipo Kituo cha Jemolojia kinachofundisha vijana kukata na kusugua vito. Vyuo vya lugha vina deni la kwenda kukaa na vijana hao, kusikia wanavyosema, kusahihisha na kuchapa. Neno likisha kuwa gazetini, litafika Mpui. Na likifika Mpui litakuta watu walio tayari, kwa maana mtu atiaye mkono ndani ya gunia mpaka kiwiko kabla hajauita mzani, hafundishwi kushuku. Hufundishwa tu kwamba mbele ya almasi pia ana haki ya kutia mkono.